Naomba ushauri: mkaa wa pumba unaweza kusafisha udongo wa mwalo wa zamani?

BintiKatoro

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Jambo hili ninalo kichwani tangu mwezi wa tatu na nimeona nisiamue peke yangu. Kwetu ni Geita, upande wa Katoro. Marehemu baba alituachia eka mbili na ushee, zinashuka kutoka barabarani hadi kwenye mbuga ya mpunga. Mwaka 2013 kaka yangu mkubwa aliweka karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, upande wa chini na kuchimba mwalo pembeni yake, yaani shimo la kuoshea mawe yaliyosagwa. Kazi ilikwenda hadi 2019, mawe yalipoanza kukosa kitu akahamia Chunya. Karasha aliondoka nalo. Mwalo aliuacha: shimo la kama mita tatu kwa mbili, kina cha kiunoni, na rundo la marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa. Nusu ya marudio yale walinunua watu wa mtambo wa sayanaidi, dawa ya kutolea dhahabu iliyobaki, nusu iliyobaki inamomonyoka kila masika.

Mama ana bustani ya mchicha, mnafu na matembele, na mpakani kuna mihogo kwa ajili ya kisamvu. Iko hatua kama arobaini kutoka kwenye mwalo, chini yake kidogo, kwa kuwa ndiko maji yaliko. Mchicha wa pale ndio ulionisomesha hadi chuo. Kila asubuhi mama anauza njiani karibu na zahanati, na wateja wake wengi ni wajawazito wanaotoka kliniki, maana nesi huwasisitiza wale mboga za majani waongeze damu. Nikikumbuka hilo usingizi unakata.

Walikuwa wanakamatisha dhahabu kwa zebaki. Nimeona kwa macho yangu, kaka anakamua kwenye kitambaa, kisha anachoma kwenye kibati nyuma ya jiko la mama. Sisi tulikuwa tunasogea tuone dhahabu ikibadilika rangi.

Sasa, mwezi wa tatu kulikuwa na mafunzo ya wakulima kata ya jirani. Mwezeshaji alitueleza kuwa pumba za mpunga zikichomwa kwa hewa kidogo zinatoa mkaa unaoitwa bayocha, na kwamba mkaa huo unanyonya sumu kwenye udongo na maji. Kwetu pumba si tatizo, mashine ya kukoboa ina mlima wa pumba na mwenyewe anashukuru ukimpunguzia.

Mpango wangu ni huu. Shimo la mwalo lipo tayari, nichomee humohumo pumba na magunzi. Mkaa nitakaopata, mwingine nichanganye na udongo wa pale pale, mwingine nisambaze bustanini. Na mwingine nijaze ndoo iliyotobolewa ili uchuje maji ya kisima cha mama cha kumwagilia, ambacho kiangazi kikikaza tunakunywa pia.

Je, nipo sahihi? Magunia mangapi yanatosha? Na baada ya muda gani mama anaweza kuuza mboga zake bila mimi kuogopa?

mkulima_kahama

Pole sana dada. Mimi ningeanza na moto moja kwa moja. Lundika kuni juu ya ule udongo wa mwalo, choma siku nzima. Zebaki haipendi moto, inakimbia yote. Ukimaliza ndipo uweke huo mkaa wa pumba. Shamba litarudi kuwa jipya.

FundiMwalo

Mdogo wangu, marahaba. Kabla sijasema lolote jingine: usiwashe moto ndani ya lile shimo. Wala usichome ule udongo kama ndugu yangu wa Kahama alivyoshauri. Najua ameandika kwa nia njema, lakini ushauri huo unaweza kumlaza mama yako.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357. Shimo la magunzi likishika vizuri linavuka 600. Zebaki yote iliyojificha kwenye kuta na sakafu ya mwalo itapanda kama mvuke. Haina harufu, haina rangi, na anayeivuta hajui. Ni kweli inakimbia, ila inakimbilia kwenye mapafu ya anayechochea moto, kisha inatua kwenye mchicha, kwenye paa la nyumba, na mvua ikinyesha inarudi kisimani. Ni kama kuwasha tena kibati cha kaka yako, safari hii kikiwa na ukubwa wa chumba.

Nazungumza kwa sababu niliishi hiyo kazi. Miaka kumi na mmoja nilikuwa mwaloni, nikikamatisha kwa mikono mitupu. Mwaka wa tisa vidole vilianza kutetemeka, nikadhani ni uchovu. Siku moja benki sahihi yangu ilikataliwa mara tatu na yule dada wa dirishani akaniuliza kama kweli akaunti ni yangu. Nilitoka mle nikiwa na hofu ambayo hadi leo naikumbuka ilivyonikaa tumboni. Baadaye nilipata kazi ya kuwasaidia watafiti kuchukua sampuli za udongo na maji mashambani, nikaifanya miaka mitano, na huko ndiko nilikojifunza haya ninayokuandikia.

Tuje kwenye mkaa. Wewe ni mtu wa Geita, kwa hiyo unaijua kaboni ya kwenye mitambo ya kuchenjulia, zile punje nyeusi za vifuu vya nazi. Maji ya sayanaidi yenye dhahabu yanapita, dhahabu inang'ang'ania kwenye kaboni. Je, dhahabu imeisha? Hapana, imeshikwa. Ndiyo maana kaboni inapelekwa elusheni, inaoshwa kwa maji ya moto yenye dawa, na dhahabu inaachia. Mkaa wa pumba ni ndugu mdogo wa kaboni ile. Unashika. Hauangamizi kitu. Zebaki ni elementi, hakuna mkaa wala mdudu wala mmea unaoweza kuifanya isiwe zebaki. Kwa hiyo mtu akikwambia bayocha inasafisha udongo, muulize anamaanisha nini. Kinachotokea ni kwamba sumu inabaki mle mle shambani, ila imefungwa, mizizi na maji vinaipata kwa shida. Hiyo ni faida kubwa, naiheshimu, na nimeiona ikifanya kazi. Lakini fundo linalofungwa linaweza kufunguka mazingira yakibadilika, na mtu anayedhani shamba limeoshwa hataangalia tena.

Unashikaje? Mkaa una vijitundu vingi mno, ukikunjua kuta zote za ndani ya gramu moja ya mkaa mzuri unapata eneo la mita za mraba mia na zaidi. Kwenye kuta hizo kuna sehemu zenye chaji zinazovuta metali. Pili, mkaa wa pumba una majivu ndani yake, unapunguza uchachu wa udongo, na metali kama risasi na kadimi zikikutana na udongo usio mchachu zinaganda, haziyeyuki kirahisi. Kwa metali hizo mbili mkaa ni msaada wa kweli.

Arseniki, nayo sumu, ni habari nyingine, na hapa naomba unisome taratibu. Baadhi ya mawe ya dhahabu ya Kanda hii ya Ziwa yana arseniki ndani yake. Karasha likisaga jiwe, linaisaga na arseniki, inabaki kwenye marudio. Arseniki haina tabia ya risasi. Udongo ukipunguziwa uchachu, arseniki huachia na kuanza kutembea na maji. Kwa hiyo mtu anaweza kumwaga mkaa kwa moyo mweupe, akafunga risasi na kufungulia arseniki. Udongo wetu mwekundu wenye chuma ndio unaoishika arseniki vizuri. Ndiyo sababu sitakutajia magunia kabla ya vipimo.

Zebaki nayo ina njia zake. Ile iliyotua kama matone, unayoweza kuiona iking'aa ukikamua tope, mkaa hauigusi kwa maana yoyote ya kufaa. Mkaa unashika ile iliyokwisha kuyeyuka majini. Na pale marudio yenye zebaki yanapopelekwa kwenye sayanaidi, kama ile nusu iliyouzwa, zebaki inayeyuka na kusambaa mbali zaidi. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, umetaja jambo hilo kati ya mambo mabaya yanayotakiwa kukomeshwa kabisa, pamoja na kuchoma zebaki wazi na kuichomea kwenye makazi ya watu. Kibati cha nyuma ya jiko kimo humo.

Sasa mchicha. Watu wengi wanafikiri mboga inavuta zebaki kwa mizizi tu. Mboga za majani zinaivuta sana kwa majani, kutoka hewani. Kama kuna mtu yeyote jirani bado anachoma, hata ukijaza bustani mkaa hadi magotini, majani ya mama yataendelea kupokea. Kwa hiyo swali la kwanza kwako si magunia mangapi, ni hili: nani bado anachoma, na upepo unatoka wapi? Kisamvu cha mpakani ndicho ningekitilia shaka kabla ya vyote, majani yale hukaa mtini muda mrefu.

Na mbuga ya mpunga ndiyo inayonitia hofu kuliko bustani. Kwenye tope lililofurika maji hewa huisha, na bakteria wanaoishi humo hugeuza zebaki kuwa ya aina nyingine, methili-zebaki, ile inayopanda kwenye samaki na kuharibu ubongo wa mtoto tumboni. Watu wa Minamata, Japani, waliipata kwa samaki, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956. Lakini si samaki peke yao. Kule Guizhou, China, kwenye machimbo ya zamani ya zebaki ya Wanshan, ilionekana kwamba wakulima wanaipata zaidi kwenye wali, kwa sababu mpunga unalimwa majini. Mwalo wenu unamomonyokea mbugani. Rundo lile ndilo chanzo, na chanzo kikiwa wazi mkaa ni kazi ya kukinga maji ya paa linalovuja kwa kikombe.

Kwa hiyo ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Mwezi huu, kabla mvua haijaanza, rundo lifunikwe. Turubai zito kwa haraka, kisha tabaka la udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na mfereji wa kukinga maji upande wa juu ili maji ya barabarani yasipite juu yake. Majani ya kushika udongo yapandwe juu, yasiwe ya kulisha mbuzi. Watoto wasicheze pale. Taarifa ifike kwa afisa mazingira wa halmashauri, maana kulihamisha rundo si kazi ya familia na koleo.

Wakati huohuo chukua sampuli. Bustani moja, sampuli moja ya mchanganyiko: chota sehemu kumi hadi kumi na tano kwa kutembea zigizaga, kina cha sentimita 15, tumia kijiko cha mti au plastiki. Changanya kwenye diaba safi la plastiki, chukua nusu kilo. Kausha kivulini. Usikaushe jikoni wala juani kwenye bati, zebaki itapungua na majibu yatakudanganya. Fanya hivyohivyo mbugani, na pia chukua udongo wa juu karibu na barabara ambako karasha halikufika, uwe wa kulinganishia. Mtu akipewa namba moja bila ya kulinganishia hajui amepewa nini. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza, anzia hapo uulize utaratibu. Omba wapime zebaki, arseniki, risasi, kadimi na uchachu wa udongo.

Mama apimwe mkojo kwa zebaki, na wewe pia, hata kama hamjisikii vibaya. Mwambieni daktari historia yote ya kibati. Asipoambiwa, kichwa kuuma na mikono kutetemeka atavitafutia sababu nyingine.

Kuhusu kuchoma pumba. Pumba hazifai kwenye shimo la wazi, zinabanana, zinatoa moshi mzito. Tafuta pipa dogo au debe kubwa, litoboe matundu madogo pande zote, libane bomba la bati juu liwe dohani. Washa kuni ndani ya pipa hilo, kisha lundika pumba kulizunguka kama mlima, dohani itokeze juu. Moto wa ndani utazigeuza pumba kuwa nyeusi kuanzia katikati kwenda nje. Kazi ya nusu siku au zaidi, usiiache peke yake. Ukiona weusi umefika juu ya mlima, ondoa pipa, tandaza kwa reki, mwagia maji mengi hadi pasiwe na mvuke. Ukichelewa zinageuka majivu meupe, na majivu si mkaa. Magunzi ndiyo ya kuchomea kwenye shimo, lakini shimo jipya, juu kabisa karibu na barabara, kwenye udongo safi.

Kipimo wanachotumia sana kwenye majaribio ni asilimia moja hadi tano ya uzito wa udongo. Tuchukue mbili. Tuta la mita kumi kwa moja, kina cha sentimita 15, lina udongo wa karibu tani mbili, kwa hiyo kilo 40 za mkaa mkavu. Kwa robo eka inakuwa karibu tani nne za mkaa, na ili upate tani nne unahitaji pumba tani kumi na mbili hivi. Nakupa hesabu hii ili uone ukubwa wa kazi. Matuta matatu ya majaribio mnaweza. Eneo lote, kwa nguvu zenu mbili, sidhani.

MajiMeru

Dada, FundiMwalo amemaliza mambo ya udongo. Mimi niseme kuhusu ile ndoo ya kuchujia, kwa sababu huku Arusha mkaa wa kuchujia maji ni jambo la miaka mingi.

Kwetu tatizo ni floridi. Maji yanatoka kwenye mawe ya volkano ya Meru na Kilimanjaro, mazuri kwa macho, lakini ukizaliwa unayanywa meno yanakuwa ya kahawia, na palipozidi sana miguu ya watoto inapinda. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi huku vinapita hapo. Kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi pale Ngurdoto, na dawa iliyozoeleka ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Angalia hapo: mifupa. Mkaa wa kuni au wa pumba hauondoi floridi kwa kiasi cha maana, mifupa inaiondoa kwa sababu ya madini yake ya kalsiamu na fosfeti. Hakuna mkaa mmoja wa sumu zote. Ukisikia mtu anauza mkaa wa kutoa kila kitu, kaa naye mbali.

Jambo la pili, na hili tulilipata kwa uchungu. Mama yangu mdogo alipewa ndoo yenye mkaa wa mifupa, akaitumia kwa imani miaka minne. Mkaa ulikuwa umejaa muda mrefu, maji yanapita vilevile yalivyoingia. Hayakubadilika ladha, hayakubadilika rangi. Mjukuu wake aliota meno yale yale ya kahawia. Chujio la sumu isiyoonekana halina namna ya kukuambia limechoka, lazima maji ya kutoka yapimwe kila baada ya muda. Kama huna uwezo wa kupima mara kwa mara, usinywe maji hayo. Kisima kilicho chini ya mwalo mimi nisingekichuja, ningekiacha kwa kunywa kabisa na kukinga maji ya mvua, kwenye nyumba ambayo hakuna anayechoma jirani.

FundiMwalo

Naunga mkono asilimia mia. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 6 za zebaki kwa lita ya maji ya kunywa. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja. Kiasi kidogo hivyo hakuna anayekiona kwa jicho wala kwa ulimi.

Nimesahau kusema: mkaa uliokwisha kutumika kuchujia, au magunia ya mkaa ukiyalaza mferejini kupunguza tope linaloenda mbugani, usiyatupe ovyo. Nimewahi kukuta mahali bibi mmoja ameokota mkaa wa chujio akaanika, akaukandia udongo kutengeneza mkaa wa kupikia. Alikuwa anaunguza ndani ya nyumba kila alichokishika mkaa ule miezi sita. Zika chini ya lile tabaka la kufunika rundo, na watu wa nyumbani wote wajue.

MwanaMikindani

Hamjambo wote. Naandika kutoka Mombasa. Dada, mie nakusihi jambo moja, usiache risasi kwenye orodha ya vipimo hata kama hukuona betri wala kiwanda. Sisi wa huku risasi imetufunza. Mtaa wa Owino Uhuru, uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, uko karibu na kwetu, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamua wakaazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Lakini pesa hazitoi risasi kwenye mifupa ya mtoto.

Nilichokiona kwa jirani zangu ni kuwa watoto hawakuipata kwa mboga zaidi. Waliipata kwa vumbi. Mtoto anatambaa, anashika chini, anatia mkono mdomoni. Mkaa ukiufukia sentimita kumi na tano vumbi la juu uani bado lipo palepale. Kwa hiyo ua ufagiliwe kwa kunyunyiza maji kwanza, watoto wanawe mikono kabla ya kula, viatu vya shambani vibaki nje. Na kama risasi itaonekana kwenye majibu, mkaa wa samadi ya kuku au wa mifupa unaifunga vizuri kushinda wa pumba, kwa ile fosfeti aliyoitaja ndugu wa Meru. Risasi ikikutana na fosfeti inageuka jiwe gumu lisiloyeyuka kwa urahisi.

Mamako mpe salamu zangu. Mwambie hakukosa, alikuwa akilea.

mkulima_kahama

Nimesoma yote. Naomba radhi kwa ushauri wangu wa kuchoma udongo. Kuna mwalo wa mjomba wangu ambao nilikuwa nimepanga kuuchoma hivyohivyo mwezi ujao. Sitauchoma.

BintiKatoro

Asanteni sana. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilikwenda nyumbani.

Mama alikasirika kwanza. Aliniuliza kama ninataka kusema amewalisha watu sumu miaka yote. Sikuwa na jibu, nikamsomea maneno ya MwanaMikindani kama yalivyo, neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kuchambua mnafu, kisha akaniuliza bustani itahamia wapi. Tukapanda wote hadi juu, karibu na kile kichuguu kando ya barabara. Maji ni shida pale, lakini mdogo wangu wa mwisho amekubali kuchota kutoka bomba la kijiji hadi tupate tangi la mvua. Matuta sita yameshachimbwa. Mpaka majibu yarudi hauzi mboga za kule chini, na amewaambia wateja wake kuwa anahamisha shamba.

Kisamvu tumeking'oa. Hatukukichoma, tumekifukia upande wa rundo. Rundo lina turubai mbili na mfereji juu yake. Afisa mazingira alifika mara moja, akapiga picha, akaahidi kurudi. Sampuli nne zimekwenda Mwanza: bustani ya zamani, mbuga, kisima, na udongo wa juu. Mama na mimi tumetoa mkojo. Aliyekuwa bado anachoma jirani ni shemeji wa balozi, upande wa mashariki, na upepo wa kiangazi unatoka huko huko. Mama mwenyewe ndiye aliyekwenda kuzungumza naye, alikataa niende naye.

Pumba nimechoma mara moja kwa njia ya pipa na dohani, kule juu. Nimepata magunia matatu na nusu, meusi, yanavunjika mkononi. Sijayapeleka bustani ya zamani, nasubiri habari ya arseniki. Nilitaka niyachanganye na samadi kwenye matuta mapya.

Ila juzi nikiwa kwenye mashine ya kukoboa niliuliza ule mpunga unatoka wapi. Mwenye mashine akanionyesha kwa kidole: mwingi ni wa mbuga yetu. Ni mpunga uliolimwa chini ya mwalo. Je, mkaa wa pumba hizo ni salama kuupeleka kwenye matuta safi ya mama?

FundiMwalo

Usiupeleke. Zebaki iliyokuwa kwenye pumba ilipanda na moshi ulipochoma, arseniki na kadimi kama zilikuwemo zinaweza kuwa zimebaki na kujilimbikiza kwenye mkaa. Magunia hayo matatu na nusu yaweke pembeni, yafunikwe, utoe nusu kilo upeleke Mwanza iwe sampuli ya tano. Mwambie mwenye mashine akutengee pumba za mpunga wa mbali, wafanyabiashara huleta mwingi kutoka Shinyanga, na umuulize kila mara kabla ya kubeba. Kwa matuta mapya msimu huu samadi iliyooza inatosha.

Majibu yakitoka yaandike hapa, pamoja na namba za ule udongo wa kulinganishia.